Kuhakiki diwani mpya isiyo na vina
Dada, umeuliza uanzie wapi kuhakiki diwani (kitabu cha mashairi) mpya isiyo na vina wala mizani. Isome kwanza kwa sauti. Mimi husoma nikiwa Kivukoni nasubiri pantoni ya Kigamboni, na mstari uliolegea hujitokeza wenyewe. Usilipime shairi huru, yaani lisilofuata vina na mizani, kwa kipimo cha tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, mizani nane kwa nane. Ubishi wa kama shairi huru ni shairi kweli tunao tangu mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974. Jiulize kwa nini mstari umekatwa pale ulipokatwa, na kama taswira imekuonyesha kitu ambacho hukuwa umekiona. Halafu nukuu ubeti mzima, tafadhali. Wengi husifia “lugha tamu” bila kutuonjesha hata mstari mmoja. Inaniuma, maana mshairi kaihangaikia kazi ile.