Thina ya gereji na Datsun iliyopasuka boneti

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Niko Langoni, Lamu. Nimeunganisha Datsun 240Z ya Safari Rally ya 1971, modeli ya 1/24, na ni mara yangu ya kwanza kushika brashi ya hewa. Bodi nimeipiga nyekundu, boneti nyeusi kama gari lenyewe. Rangi na thina nilipewa na fundi anayepiga magari rangi kule Mokowe, akanipimia kwenye chupa ya soda. Nyekundu ilipokauka ilitoka na weupe kama ukungu. Boneti nayo ikafanya mistari midogo midogo ya nyufa. Ami yangu anasema niianike juani, itatulia. Fundi anasema kosa ni kutopaka praima, sasa nipige koti jingine zito lenye thina nyingi ili rangi ya chini iyeyuke zishikane. Rafiki yangu anasema ni hewa ya bahari tu, Lamu modeli haipigiki rangi. Nimsikilize nani?

JIBU: Waalaikum salaam. Usiianike, usiongeze koti, na hiyo chupa ya soda iondoe mahali watoto wanapofika. Hayo ufanye kabla hujamaliza kusoma.

Una magonjwa mawili, na wote watatu wameyatibu kama moja. Weupe wa bodi ni maji. Nyufa za boneti ni plastiki iliyoliwa. Kinachoyaunganisha ni kwamba yote mawili yametoka kwenye chupa ile ile.

Weupe ndio mdogo. Thina kali huruka upesi, na ikiruka huondoka na joto. Uso wa rangi mbichi unapoa kuliko hewa inayouzunguka, basi unyevu unatua juu yake, kama gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho. Maji hayo yakinaswa ndani ya rangi inayokauka ndiyo ule ukungu wako. Kwa hiyo rafiki yako hakupotea kabisa, hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi na wakati wa masika ni balaa. Alipopotea ni kusema haiwezekani. Mimi niko Malindi na napuliza karibu mwaka mzima. Mei mvua ikishika, naunganisha injini na kupaka viti kwa brashi ya mkono, bodi zinangoja. Januari na Februari, kaskazi ikivuma kavu, ndio msimu wa bodi. Kwa siku, saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana. Alfajiri na baada ya magharibi waachie wengine. Tafuta kipima unyevu cha kuweka mezani, si kitu cha bei. Kikisoma zaidi ya asilimia 75, fanya kazi nyingine. Na kompresa yako mwage maji ya tangi kila ukimaliza kazi, maana huku kwetu tangi hukusanya maji upesi, na matone yakitoka pamoja na rangi huacha vidoa ambavyo utalaumu rangi bure.

Dawa hasa ya weupe ni thina inayokauka polepole, yenye kichelewesho ndani yake. Mimi kwa rangi za laka, zile zinazochanganywa kwa thina kali, natumia Mr. Color Leveling Thinner. Weupe uliokwisha kutokea mara nyingine huondoka ukipuliza thina ya namna hiyo peke yake, nyembamba sana, mchana mkavu: rangi inalainika kidogo na maji yanapata njia ya kutokea. Lakini usihangaike nayo kwenye bodi hii. Ukimaliza kusoma habari ya boneti utaona rangi yote inatoka.

Boneti, basi. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, na si kwako.

"Thina ni thina." Maneno haya yananifuata kila mahali. Modeli nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimeharibika, zimeharibiwa na imani hii, si na mkono mbovu. Mtu ameunganisha vizuri, mistari ya milango safi, matairi yamekaa sawa, kisha akaenda gereji kuomba thina. Mimi mwenyewe nimepiga magari ya watu rangi kabla sijahamia kwenye modeli, kwa hiyo siidharau kazi ya gereji. Nasema tu kwamba thina ile imetengenezwa kwa ajili ya bati. Ndani yake mna vitu kama toluini, zailini na asetoni, kwa vipimo vinavyobadilika kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na bati halijali. Modeli yako si bati, ni plastiki iitwayo polistirini.

Sasa ichukue ile gundi ya modeli, nyembamba kama maji, yenye kibrashi ndani ya kifuniko. Tamiya Extra Thin, kwa mfano, ni asetoni na butili asetati. Haishiki plastiki kwa kunata. Inaiyeyusha pande mbili, zikaingiana, kisha yenyewe inaruka. Ndiyo kazi yake. Unaona tunakoelekea? Thina ya gereji na gundi hiyo ni ukoo mmoja. Ile boneti umeipaka gundi iliyotiwa rangi nyeusi.

Utauliza mbona milango imesalimika. Mlango umesimama, rangi inateremka na thina inaruka upesi. Boneti ya 240Z ni ndefu na imelala, rangi inatuama juu yake, thina inapata muda wa kula. Tena plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu hubaki na mkazo ndani yake, na thina kali ikiingia mkazo ule unafunguka kwa nyufa nyembamba. Nami naamini nyeusi uliipiga koti moja la majimaji ili ifunike nyekundu mara moja. Wanaoanza wengi hufanya hivyo.

Ushauri wa fundi wa Mokowe sasa. Kuhusu praima kasema nusu ya kweli. Praima ya modeli inasaidia rangi kushika na inapunguza makali, lakini haizuii thina kali, inaichelewesha tu. Koti zito likikaa bichi, thina inapenya praima na kufika chini. Rangi za laka za modeli nazo ni kali, usidanganywe, ila zimepimwa kwa plastiki na hupulizwa makoti mepesi yanayokauka kabla hayajadhuru. Ama hilo la kuongeza koti zito lenye thina nyingi juu ya plastiki ambayo imeshaanza kupasuka, sijui nilisemeje kwa adabu.

Na ami, nisalimie sana, lakini jua hapana. Polistirini hulegea ikikaribia nyuzi 100, na vile viguzo vyembamba vya kioo cha mbele hupinda mapema kuliko hapo. Weka boneti nyeusi juu ya paa la mabati saa saba mchana uone. Isitoshe, joto hukausha ngozi ya juu ya rangi na kuifungia thina chini, mahali ambapo hutaki ibaki.

Kutengeneza kunawezekana. Ng'oa vioo kwanza, visiguse dawa yoyote. Ichovye bodi kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 usiku mmoja, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Isopropili haidhuru polistirini. Rangi za akriliki inazitoa mbio. Laka ya gereji huenda ikakaidi. Ikikaidi tumia mafuta ya breki ya DOT 3 kwenye chombo chenye kifuniko, ukiwa umevaa glavu, ukitazama mara kwa mara, halafu osha kwa sabuni na maji ya kunywa. Maji ya kisima yenye chumvi yakikaukia kwenye mistari ya milango yatakurudisha kwenye swali jingine. (Vipande vya kromu usivichovye pamoja na bodi, ila ukitaka kromu itoke, Jik inaitoa yenyewe.) Petroli na asetoni zisikaribie.

Rangi ikishatoka, inamisha boneti mbele ya taa. Ukiona mistari bado imo kwenye plastiki yenyewe, piga msasa wa maji namba 400, paka Mr. Surfacer 500 (praima nzito ya kujazia mikwaruzo), ngoja siku nzima, kisha msasa namba 600 na 1000. Mistari ikiwa mingi rudia. Usije ukaificha kwa matope. Najua gari la Safari hutapakaa matope, na nimeletewa modeli zilizopakwa udongo kuanzia taa hadi taa, lakini ufa chini ya udongo unaonekana vile vile, tena na udongo umeingia ndani.

Kwa ile nyeusi ya boneti huna haja ya laka kabisa. Gari lenyewe la Edgar Herrmann na Hans Schüller, washindi wa Safari ile ya 1971, lilikuwa na boneti nyeusi ili jua lisimpige dereva machoni, kwa hiyo hutaki mng'aro. Tamiya XF-1, ambayo ni akriliki, kwa thina yake yenyewe ya X-20A, itakutosha. Makoti matatu mepesi, hewa kiasi cha psi 15 hadi 20.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa gereji hawalifikirii, na si kosa lao. Rangi ya gari la kweli, makoti yote kwa pamoja, ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Iweke hiyo juu ya modeli ya 1/24, kisha ikuze: ni sawa na kulipiga gari la kweli rangi yenye unene wa milimita 2.4. Mwanya wa mlango unazibika. Mtu anakuja kulalamika kwamba modeli yake inaonekana kama toi, anadhani amekosa rangi ya bei, kumbe ameizamisha.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi "siri" zimekuwa nyingi. Kuna wanaomimina thina ya gereji kwenye vichupa vidogo, wakabandika karatasi iliyoandikwa "ya modeli", wakauza mara kadhaa ya bei. Kuna video za nusu dakika: changanya na petroli, pasha rangi kwa mashine ya kukausha nywele, piga koti moja tu lenye kung'aa. Video inakatika rangi ikiwa bado mbichi. Siku ya tatu haionyeshwi. Kichupa kisichotaja kilichomo ndani, usinunue hata kama muuzaji ni jirani yako. Ukilazimika kukijaribu, kidondoshee kwanza kipande cha fremu ile ile ambayo vipande vya modeli vilikatwa. Dakika kumi, kisha pitisha kucha. Kikinata au kikifanya weupe, jibu umelipata kwa tone moja.

Na kabla hujahesabu hasara ya modeli, hesabu ya mapafu. Nyumba zenu za mawe zina kuta nene na madirisha madogo, mvuke hautoki. Mvuke wa thina hizi ni mzito kuliko hewa, unashuka sakafuni na kutambaa hadi kwenye jiko linalowaka chumba cha pili. Darini ni afadhali, lakini juu ya darini zenu wengi mmeweka makuti, na ukungu wa laka na makuti na mtu anayevuta sigara havikai pamoja. Pulizia kiwandani, yaani ule ua wa ndani ya nyumba ulio wazi juu, moto wote umezimwa. Barakoa ya vumbi, ile nyeupe ya karatasi, haizuii mvuke hata kidogo. Unataka yenye vichujio vya mkaa vya mvuke wa kemikali, na vichujio huisha, hubadilishwa.

Fundi wako akija kukushauri umalizie kwa klia ya gereji (ile rangi ya juu inayopitisha mwanga) inayochanganywa na hadina, dawa ya kuikaza, kataa hapo hapo. Klia ile ina kemikali iitwayo isosianeti. Inaleta pumu isiyoondoka, na harufu haikuonyi kichujio kikishindwa. Wanaoipiga kila siku katika vibanda vya kazi huvaa barakoa zinazoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na wewe uko kiwandani na barakoa ya vichujio tu. Gari lako lina urefu wa kiganja. Klia ya modeli isiyo na hadina inalitosha: makoti mepesi manne, wiki moja kabatini bila vumbi, kisha polishi laini kwa kitambaa cha pamba, nyekundu tu, boneti usiiguse.