Shangazi, wananiambia nitume hata elfu moja tu

Shangazi hujambo. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kaptembwo, Nakuru. Mei 2016 nilichukua loni ya 80,000 ya miezi kumi na nane kwa shirika fulani la mikopo kupitia grupu yetu ya wamama, nikanunua cherehani ya umeme na vitambaa. Nililipa kidogo kidogo mpaka Agosti 2017 bwanangu akapoteza kazi kwa shamba la maua, nikashindwa, ikabaki kama 43,000. Nilitoka kwa grupu kwa aibu na tangu hapo ikawa kimya. Mwezi uliopita nimetumiwa barua kwa WhatsApp iko na jina la mawakili, ati nadaiwa 236,000 na nisipolipa kwa siku saba naletewa okshonia na nafungwa. Kuna mwanaume anapiga simu kabla jua litoke, amempigia wifi yangu na mwenyekiti wa wamama kanisani akawaambia mimi ni mwizi. Jana akabadilika akaongea kwa upole, mama tuma tu hata elfu moja kuonyesha nia njema tusimamishe hii kesi. Hiyo elfu moja ninayo. Nitume? Bwanangu hajui chochote. – Fundi, Kaptembwo

Mwanangu, usitume. Hata mia mbili usitume, angalau si leo, na nitakueleza kwa nini, manake hiyo sauti ya upole ndiyo ya kuogopa kuliko zile kelele za asubuhi.

Kenya tuko na sheria ya muda wa kufungua kesi, ni Sura ya 22. Kifungu cha 4 kinasema deni la mkataba, na loni ni mkataba, mwenye kudai ana miaka 6 ya kwenda kortini, akizubaa ikapita basi mlango wa korti umefungwa kwake. Wewe uliacha kulipa Agosti 2017, na hata tukiwapa faida ya kuhesabu kutoka siku loni ilifaa kuisha, hiyo ni Novemba 2017, miaka 6 iliisha Novemba 2023. Sasa kifungu cha 23 cha sheria hiyo hiyo kinasema ukilipa chochote kwa hilo deni ama ukilikubali kwa maandishi yenye sahihi yako, hesabu inaanza upya siku hiyo. Unaona hiyo elfu moja inafanya kazi gani? Mtu anayedai 236,000 hashibi na elfu moja, anachotaka ni tarehe mpya kwa meseji ya M-Pesa yenye jina lako. Wewe ukidhani unanunua amani, unaweza kuwa unampa miaka mingine 6 ya kukushtaki.

Kwa hivyo pia usiandike "nitalipa nikipata" ama "nivumilie mwisho wa mwezi", hata kwa WhatsApp. Meseji ni maandishi, mawakili watabishana kama hiyo inahesabika kuwa sahihi ama haihesabiki, usiwape cha kubishania. Akipiga simu mwambie sentensi moja, niandikieni na nitawajibu kwa maandishi, halafu kata. Si kukosa adabu.

Lakini sitaki ushangilie mapema, kuna mambo mawili lazima uyajue kwanza. La kwanza, kuna malipo yoyote yaliingia baada ya Agosti 2017? Fikiria vizuri, hata ile mia tano uliyompa afisa wa mikopo alipokuja kwa duka. Angalia rekodi zako, na simu ya zamani kama iko. La pili, je, walishakushtaki ukiwa hujui? Hii hutokea sana, watu wanahama nyumba, samansi, yaani karatasi ya korti ya kukuita, inasemekana ililetwa, kesi inaendelea bila mtu na hukumu inatolewa. Hukumu ya korti inaishi miaka 12, si 6, hapo stori inabadilika kabisa. Barua yako kama imetaja namba ya kesi, nenda nayo kwa rejistri ya mahakama ya Nakuru uulize kama hilo faili liko kweli na ni la nani. Kama haijataja namba yoyote, hiyo ni barua ya kudai tu, wakili anaomba kwa niaba ya mteja wake, na hakuna wakili Kenya hii mwenye uwezo wa kukufunga kwa barua. Na huyo wakili mwenyewe mtafute kwa tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, unaandika jina na inakuonyesha kama yuko na leseni. Nimeona barua nyingi zenye nembo kubwa ambazo hakuna wakili aliyewahi kuzigusa.

Hii ya jela najua ndiyo inakunyima usingizi kwa hivyo wacha niiseme polepole. Kushindwa kulipa loni si wizi. Polisi hawana kazi hapo, ni maneno ya korti ya madai. Kuna kifungo cha madai ndiyo, sheria iko, lakini kinakuja mwisho kabisa, baada ya kesi, baada ya hukumu, na baada ya wewe kuitwa mbele ya hakimu ueleze kwa nini usifungwe, na hapo unaeleza mapato yako na watoto wako na hakimu anasikiliza kama unakataa kulipa na unazo ama huna kabisa. Haiwezekani mtu akaruka hizo ngazi zote kwa siku saba.

Okshonia naye ni hivyo hivyo. Deni lisilo na dhamana, haji bila waranti ya korti. Akija na waranti, kwanza anaandika orodha ya vitu na kukupa siku 7 za kulipa kabla abebe kitu. Na hata hapo kuna vitu haruhusiwi kuchukua, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kifungu cha 44 inalinda nguo za kuvaa, vitanda na malazi, sufuria za kupikia, na vifaa vya kazi ambavyo mtu anavitegemea kufanya hiyo kazi yake. Cherehani yako iko hapo ndani mwanangu. Isipokuwa kama uliiandikisha yenyewe kuwa dhamana ya loni, hiyo nataka usome mkataba, ama kama huna basi ni sababu moja zaidi ya kuwaitisha nakala.

Wifi yako na mama mwenyekiti kupigiwa simu, hiyo imenikasirisha. Wao hawakukopa na deni lako si habari ya kanisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kulalamika kwa Kamishna wa Data, unajaza malalamiko kwa tovuti yao bila kulipa na wanatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Na wanachukua hatua, 2023 walipiga kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wengine kutuma meseji za vitisho. Kwa hivyo kuanzia leo piga skrinshoti kila kitu, namba, saa, meseji, na umwombe wifi yako na mwenyekiti wakuandikie kwa kifupi waliambiwa nini na siku gani. Najua kwenda kwa mwenyekiti ni aibu, lakini ameshasikia upande mmoja, afadhali asikie na wako.

Sasa barua yao ijibu. Kunyamaza kabisa sikushauri, manake siku moja ikifika kortini ni vizuri ionekane ulijibu kama mtu mzima. Andika juu kabisa "Bila kuathiri haki zangu", halafu hivi: Nimepata barua yenu ya tarehe fulani. Sikubali kwamba nadaiwa kiasi mnachosema. Nipeni nakala ya mkataba wenye sahihi yangu, stetimenti yote kuanzia siku ya kwanza, tarehe ya malipo ya mwisho, na barua ya mkopeshaji kuwaruhusu nyinyi kudai kwa niaba yake. Kama deni hili lilipita muda wa Sura ya 22 nitasimamia haki hiyo. Msiwasiliane na mtu mwingine yeyote kuhusu mimi. Basi, usiongeze hadithi ya bwanako wala maua, huruma yao hutaipata na kila sentensi ya ziada inaweza kukugeukia. Tuma kwa imeili na ubaki na nakala.

Stetimenti ikija angalia vile 43,000 ilifika 236,000. Kama aliyekukopesha ni benki, Sheria ya Benki kifungu cha 44A haikubali riba ipite salio la loni lililokuwako siku deni lilipoharibika kwa kutolipwa, yaani kwa 43,000 riba isizidi 43,000 nyingine, juu yake gharama za kudai tu. Hapo huwezi kufika 236,000 yao hata ukivuta hesabu namna gani.

Na siku ikija samansi ya kweli, yenye muhuri wa korti na namba ya kesi, usiiweke chini ya godoro. Kiasi kama hiki kitaenda Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza mpaka milioni moja, na unaruhusiwa kujitetea mwenyewe bila wakili. Peleka jibu ndani ya siku zilizoandikwa na useme wazi kwamba deni limepita miaka 6, manake korti haitakusemea hiyo, usipoitaja ni kama haiko. Ukikosa nguvu ya kuandika peke yako, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia akina mama na wako na ofisi Kisumu, na kuna Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria.

Nimebakisha jambo moja na hili si la sheria. Loni ya grupu inadhaminiwa na wenzako. Ulipotoka kimya 2017, kuna uwezekano mkubwa akiba za wale wamama zilikatwa kufidia 43,000 yako. Kama ndivyo, basi huyu mwanaume anadai pesa iliyolipwa zamani, na hilo pekee linaweza kumaliza kesi yake, na pia linamaanisha wenye kukudai kwa haki ni wanawake unaowajua kwa majina, pengine mnakutana sokoni na mnaangalia kando. Korti haitakulazimisha kwao sasa. Mimi nasema watafute. Anza na aliyekuwa mweka hazina, muulize ni nini kilikatwa na kwa nani, na hiyo elfu moja uliyokuwa umpe huyu wa simu iende hapo, na ingine mwezi ujao, hata ikichukua mwaka mzima. Kama hawakukatwa chochote, omba radhi ya kupotea na umalize hivyo.

Bwanako mwambie leo kabla simu impate yeye. Alipoteza kazi na wewe ukabeba mzigo peke yako miaka hii yote, hana cha kukulaumu, na kama kuna mtu atakuja mlangoni na makaratasi ni vizuri mkiwa wawili mnajua cha kusema.

Wakikujibu niandikie tena, uniambie stetimenti inasema malipo ya mwisho yalikuwa tarehe gani, lakini majina usiyaweke.