Gunia la Mabaki ya Vitambaa na Maswali Yenu

Nina gunia zima la mabaki ya vitambaa. Nataka kushona mfarishi wa viraka. Nianzie wapi?

Yamwage yote sakafuni, na siku ya kwanza usikate kitu. Pekua tu. Utakutana na ukosi wa shati, pindo la gauni la utotoni, na kipande usichokumbuka kilitoka wapi. Kwangu mimi, nusu ya raha iko hapo.

Kisha tenga pamba na pamba, kwani kitambaa kinachovutika kikishonwa na kisichovutika, mraba mzima hupinda. Fua kabla ya kukata: pamba mpya hurudi, na nyekundu au buluu iliyoiva huweza kuchafua vya jirani.

Kata miraba, tuseme ya sentimita 12, ushone ukiacha milimita 6 kwenye kila ukingo. Hapo usilegeze. Ukizidisha milimita moja tu, mstari wa vipande 15 utapungua karibu sentimita 3, na mistari haitakutana. Piga pasi kila mshono ukiulaza upande wa kitambaa cheusi zaidi, usije ukaonekana kwa mbele.

Rangi zangu hazipatani hata kidogo. Niendelee?

Endelea, dada! Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 ikatundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston. Masiddi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Afrika, huanzia ukingoni wakazunguka kuelekea katikati, na pembe huzipamba kwa viraka vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Ninawapenda sana kwa maua hayo.

Kinachobeba macho ni mwanga na giza kuliko rangi yenyewe. Tandaza vipande, rudi nyuma hatua tano, fumba macho nusu. Palipo na giza tupu, ingiza kipande cheupe.

Cherehani ya bibi imekaza. Naweza kutia mafuta ya kupikia?

Hapana, yataganda na kunata. Tumia mafuta ya cherehani, tone moja moja, baada ya kutoa vumbi na nyuzi kwa brashi.

Vikombe vya zamani vyenye maua, tunywee chai?

Kama hujui vimetengenezwaje, visitumike kwa chakula wala kinywaji. Baadhi ya rangi na mipako ya zamani inayong'arisha vyombo vya udongo ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Vitie vifungo na sindano, vitapendeza vilevile.

Mama mkwe ameniachia mfarishi wake. Niufungie kabatini au tuutumie?

Uinue kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi zikiwa imara, utumieni. Zikianza kuachana, usiutie kwenye mashine ya kufulia; uzungushie shuka safi ya pamba, mbali na jua, na si ndani ya mfuko wa plastiki unaofungia unyevu. Kila baada ya miezi kadhaa ukunje upya kwa mistari mingine, maana mkunjo usiohama hukata nyuzi.

Wangu tunajifunika. Pembe moja ilichanika, nikaitia kiraka cha shati la mwanangu lililombana. Sasa akilala, mkono wake huitafuta pembe hiyo.