Kupimwa mimba kabla ya kupasuliwa kidole tumbo

Dada wa Likoni, unauliza kwa nini kaka yako alipasuliwa haraka, nawe kwa maumivu yaleyale ya tumbo upande wa kulia ukaambiwa upime mimba na altrasaundi, ukaudhika ukarudi nyumbani. Pole, ila daktari hakukudharau. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kuuma mahali hapohapo, ovari iliyojisokota vilevile, na zote ni dharura. Mwanamume hana hayo, ingawa korodani zake nazo hukaguliwa.

Rudi hospitali leo, usisubiri kesho. Usile wala usinywe, na taja tarehe ya hedhi ya mwisho bila haya, hata kama mama yupo. Maumivu yakitulia ghafla usishangilie, huenda kidole tumbo kimepasuka. Ukisikia kizunguzungu, vuka feri hata usiku wa manane, moja kwa moja hospitali ya Coast General, Mombasa.