Maswali Yenu: Vyama vya Nasaba Marekani na Walioachwa Mlangoni

DAR ni chama gani, na kweli kilikuwa na sheria ya kukataa weusi? (Msomaji, Mombasa)

Ni Daughters of the American Revolution (wa Kariakoo msishtuke), chama cha wanawake kilichoanzishwa Washington, D.C., Oktoba 1890. Sharti kuu ni mwombaji awe ametimiza miaka 18 na athibitishe kuwa ni mzao wa damu wa mtu aliyesaidia harakati za uhuru wa Marekani, vita vya 1775 hadi 1783. Sharti hilo halitaji rangi. Ubaguzi ulikaa kwenye sahihi: ili kuingia tawini, mwombaji alihitaji wanachama wawili wa kumdhamini, kisha tawi limkubali. Katika mji ambao weupe na weusi hawakai meza moja, wadhamini hao atawatoa wapi? Faili lingeweza kuwa safi kabisa na bado lisiende popote, bila mtu yeyote kulazimika kuandika neno “mweusi” kwenye barua ya kukataa.

Nimesikia kisa cha mwimbaji Marian Anderson. Kilikuwaje? (Msomaji, Dodoma)

Hapo ubaguzi uliandikwa, kwa kuwa ukumbi hukodishwa kwa mkataba. Tangu 1932, mikataba ya Constitution Hall, ukumbi wa DAR, ilikuwa na kifungu cha wasanii weupe tu. Chuo Kikuu cha Howard kilipouomba kwa ajili ya Anderson, aimbe Aprili 9, 1939, kwanza kilijibiwa kwamba tarehe imeshachukuliwa. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajiuzulu uanachama, na Aprili 9 hiyo, Jumapili ya Pasaka, Anderson akaimba kwenye ngazi za Lincoln Memorial mbele ya watu wapatao 75,000.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, na wanakosea. Anderson aliimba ndani ya ukumbi ule 1943, lakini kifungu hakikufutwa. Mwaka 1945 mpiga piano Hazel Scott naye alinyimwa ukumbi, na kifungu kikaondolewa 1952 tu.

Mweusi wa kwanza kuingia ni nani?

Wa kwanza anayejulikana ni Karen Batchelor, mwaka 1977, kupitia tawi la Michigan. Babu aliyemwezesha, William Hood wa Pennsylvania, alikuwa mzungu. Nasema “anayejulikana” kwa sababu weusi walioingia kwa kujifanya weupe hakuna awezaye kuwahesabu.

Kisa kizito zaidi ni cha Lena Santos Ferguson wa Washington, D.C. Nasaba yake ilikuwa na ushahidi, ila hakupata tawi la kumpokea. Akapewa uanachama wa makao makuu, yaani yumo chamani lakini hana tawi. Mambo yalipofika magazetini 1984, na mawakili wakiwa kazini, alipata tawi. Chama kikakubali pia kuandika kwamba rangi si kigezo, na kutafiti weusi waliopigania uhuru. Orodha iliyochapishwa 2008 ina majina zaidi ya 6,600 ya weusi na wenyeji asilia wa Amerika.

Mume wangu ni Mmarekani mweusi, kwao North Carolina. Mama mkwe husema babu yao alipigana vita vya uhuru. Binti yetu ana miaka 19, aanzie wapi? (Mama, Minneapolis)

Aanzie kwake mwenyewe, dada, asianzie kwa babu. Kila kizazi kinahitaji hati inayomtaja mzazi: ya kuzaliwa, ya ndoa au ya kifo. Pengo la kwanza ni sensa ya 1890, ambayo karibu yote iliharibika baada ya moto wa 1921. Kati ya 1880 na 1900 ategemee hati za ndoa na za ardhi.

Akifika sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina waliokuwa watumwa, atazame ya 1860. Kama ukoo umo kwa majina miongoni mwa watu huru, ashukuru. Kama haumo, ataingia kwenye madaftari ya watumwa ya 1850 na 1860, ambayo kwa kawaida huandika umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki. Hapa ndipo wengi hupotea: hudhani jina la ukoo ni la mmiliki wa mwisho, kumbe huenda ni la mmiliki wa zamani au walijichagulia. Achunguze majirani weupe wa 1870, kwani huenda mmiliki ni mmoja wao, kisha wosia, orodha za mirathi na hati za mauzo za majirani hao katika mahakama ya kaunti. North Carolina ina hazina nyingine: mwaka 1866 waliokuwa watumwa waliandikisha ndoa zao kwa karani na kutaja wameishi pamoja tangu lini.

Huduma ya babu mwenyewe aitafute kwenye majalada ya pensheni za waliopigana vita hivyo, hasa ya sheria za 1818 na 1832.

Kipimo cha DNA si kingemaliza kazi?

Peke yake, hapana. Kinaonyesha undugu, hakikuambii babu yupi kati ya ndugu watano. Kipimo cha Y, yaani kromosomu ya kiume, hufuata baba hadi mwana tu. Bibi mmoja akiingia katikati, mstari umekatika.

Vyama vya wanaume navyo? (Msomaji, Kisumu)

Sons of the American Revolution kilianza 1889, na uthibitisho wake ni wa namna hiyohiyo. Profesa Henry Louis Gates aliingia 2006 kupitia John Redman, mweusi aliyepigana vita hivyo. Redman alikuwa mtu huru, kwa hiyo jina lake lilikuwemo kwenye karatasi.