Jibu: Mtoto wa AS na malaria

Dada, umeuliza kama mwanao aliyepimwa akaonekana ni AS (yaani amerithi jeni moja tu ya selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu kujikunja kama mundu) bado anahitaji chandarua, maana jirani kakwambia watoto hao hawaugui malaria. Anahitaji, tena kila usiku. Mbu wanamuuma, vimelea vinaingia, na homa anaweza kupata. Anachokingwa nacho ni malaria kali, ile ya kupoteza fahamu na kuishiwa damu, na hapo kinga inakaribia asilimia 90. Si haba.

Kimelea kikiingia kwenye chembe nyekundu ya AS, chembe hiyo hujikunja upesi na bandama huiondoa kabla kimelea hakijazaliana. Tena oksijeni ikipungua mwilini, kimelea ndani yake hudumaa.

Aliyeunganisha mambo haya ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu akakuta AS ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, ila kwenye nyanda za juu zenye baridi ni wachache mno. Ushahidi wake alichapisha 1954.

Na si AS peke yake. Kilifi, pwani ya Kenya, kuna aina ya damu iitwayo Dantu: ngozi ya chembe nyekundu imekazwa kiasi kwamba kimelea hushindwa kupenya. Mie hiyo ndiyo hunistaajabisha zaidi.

Ila usichanganye na SS, yaani aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili na anaugua selimundu yenyewe. Mwenye SS akipata malaria ni hatari kubwa. Kwa hiyo baba watoto naye apime: nyote mkiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuwa SS.