Mwache baba yake amtembeze

*Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni. Binti yangu wa miaka 14 alipasuliwa mgongo wiki tano zilizopita kwa sababu ulikuwa umepinda upande, nyuzi 58. Ametiwa vyuma na skrubu. Tangu turudi nyumbani namwosha, namlisha, nalala naye. Baba yake hana huruma. Kila siku akitoka kuswali alfajiri anamwamsha mtoto, anamtembeza hadi barabara kubwa, na mtoto anarudi analia. Mavyaa wangu amekuja kutoka Msambweni. Anataka mtoto ale kwa mkono wake na akunje nguo zake akiwa kitini, na jana nimemkuta na mafuta ya nazi ati amkande mgongo. Mama huyu hajanipenda tangu zamani. Hata miaka miwili nyuma nilipomshonea binti yangu nguo ya Idi, upande mmoja ukawa unashuka, nikarekebisha pindo ikakaa sawa, yeye akasema bega la mtoto limepanda, mpelekeni akaonekane, kama kwamba mimi sina macho. Sasa mume wangu anasema mtoto arudi shule. Nimemwambia akiendelea hivi nachukua mwanangu naenda kwetu. Mwambie amwogope Mungu.*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Pole. Kumsindikiza mtoto hadi mlango wa chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa, nawe ukabaki kwenye benchi saa baada ya saa, ni mtihani mzito na umeupita. Pole yangu inakomea hapo, kwa sababu nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara naona mambo mengine.

Unataka nimkaripie mumeo. Sitamkaripia. Katika nyumba hiyo yeye ndiye anayefuata maneno ya daktari.

Hebu kumbuka wodini. Siku ya kwanza au ya pili baada ya upasuaji walimwinua binti yako, wakamkalisha, wakamsimamisha, akapiga hatua. Haukuwa ukatili. Vile vyuma vinashika mgongo usirudi kupinda, lakini kinachounganisha pingili ni mfupa uliopandikizwa, na mfupa huota polepole, miezi sita hadi mwaka. Wakati huo wote mtoto hainami kiunoni, hajipindi, habebi kitu kizito, hachezi mpira wala kuruka, mpaka daktari amfungulie moja baada ya jingine. Kutembea hakukukatazwa. Kutembea ndiyo dawa: mapafu yanafunguka, damu inazunguka, tumbo lililofungwa na dawa za maumivu linalegea, na misuli inajifunza kuubeba mgongo mpya. Kulala kutwa kunamfanya aamke amekakamaa, kisha mnasema mgonjwa amezidiwa.

Tena mwanamume huyu amechagua alfajiri. Jua bado, tuktuk chache, na hakuna wa kumkodolea macho msichana wa miaka 14 anayetembea wima kama fimbo. Baba asiye na huruma angerudi kulala.

Umeandika kwamba mtoto "anarudi analia". Hukuandika kwamba analia njiani. Nina shaka kilio hicho kinaanzia mlangoni, anapouona uso wako. Mtoto husoma uso wa mama kabla hajausikiza mwili wake. Ukimtazama kama maiti, ataamini amekufa. Kama kweli maumivu yanapanda njiani, mwambie mumeo afupishe safari, waende mara mbili nusu nusu, na umjulishe daktari. Hayo ni mazungumzo ya watu wawili waliooana, hayahitaji mtu kubeba sanduku kwenda kwao.

Mavyaa wako amekosea jambo moja, nami nitalisema wazi. Mgongo ule haukandwi. Si kwa mafuta ya nazi, si kwa maji moto, si kwa mkono wa mganga wala wa bibi mwenye mapenzi. Mwambie kwa adabu, na mumeo akiwepo, kwamba daktari amekataza. Lakini kuhusu kula na kukunja nguo, mama yule ana haki. Mikono ya mtoto haikupasuliwa. Binti aliyeanza kuwa mwanamwali, wewe unamtia tonge kinywani na kumwosha mwili mzima, umewahi kumuuliza anajisikiaje? Msaidie miguu na mahali asipofika. Pengine mpe kigoda imara cha kuogea, kisha utoke umpe faragha yake.

Sasa nije kwenye ile nguo ya Idi, maana barua yako yote imejificha humo.

Wewe ni mshonaji. Jicho lako liliona upande mmoja unashuka, na mkono wako ukapunguza pindo ili kusionekane kitu. Mavyaa wako alisema ukweli, ukamchukia kwa kuusema. Miaka miwili hujamsamehe, na naona wewe mwenyewe hujajisamehe. Kila tonge unalomlisha mtoto ni fidia ya lile pindo. Mwanangu, sikiza. Kwa watoto wengi wa umri huo, mgongo kupinda hauna sababu inayojulikana. Si mkoba wa shule, si kukaa vibaya, si kosa la mama. Kama mngekwenda mapema, huenda angevalishwa mkanda wa kuzuia usiendelee, na huenda ungeendelea hivyo hivyo, kwani wapo wanaovaa mkanda na bado hufika kwenye upasuaji. Ulichelewa, ndiyo. Hukumpinda wewe. Lia hilo mara moja, ikiwezekana mbele ya mumeo, liishe.

Na yule mtoto wa pili yuko wapi? Umesema una wawili, kisha hukumtaja tena. Hali hii mara nyingine huandama ukoo, na wasichana ndio hupinda zaidi wakati wanaporefuka. Leo jioni mwambie ainame mbele, mikono ikining'inia, nawe simama nyuma yake. Ukiona upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko mwingine, usishike sindano. Mpeleke hospitali.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Mtoto akiugua, mke anahamia kitanda cha mtoto, mume anakuwa mpangaji, na akisema neno anaambiwa hana utu. Mwezi unapita, wa pili unapita, mtoto anapona na ndoa ndiyo inabaki wodini. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Wiki ya tano binti yako anaweza kulala bila wewe. Mfundishe kugeuka kitandani mwili mzima kwa pamoja kama gogo, mpe kengele au simu karibu, kisha rudi chumbani kwako. Mumeo naye alikaa kwenye benchi lile.

Habari ya shule, wewe na mumeo nyote hamna ruhusa ya kuamua. Wengi hurudi kati ya wiki ya nne na ya sita, lakini nendeni kliniki, apigwe picha, daktari aseme. Kodini gari, akae kiti cha mbele kilicholazwa kidogo, dereva apunguze kwenye matuta, si bodaboda. Akiruhusiwa, aanze nusu siku, mkoba abebewe na mwenzake, na mwalimu ajue kwamba anahitaji kusimama kila baada ya muda.

Kinachotakiwa kukutisha si kutembea. Ni homa, kidonda kuwa chekundu, kutoa usaha au kufunguka, miguu kufa ganzi au kulegea, mkojo kumtoka au kukataa kutoka. Ukiona mojawapo usiniandikie mimi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mkitoka kliniki, chukua futi yako umpime upya. Mgongo ukinyooshwa mtoto hurefuka, mara nyingi sentimita kadhaa, kwa hiyo nguo zake za zamani hazimfai tena. Muulize anataka kitambaa gani na rangi gani, achague mwenyewe. Na safari hii pindo ukate sawa pande zote mbili.